Aliyeinuka Mezani

Olomouc, 3 Novemba 2017

Mpendwa mwanangu Šárka,

Hamjambo huko Ostrava? Mimi nipo. Goti linauma ngazi zikiwa na unyevu, lakini napanda na kushuka. Anežka je? Kile kikohozi kimekwisha au bado kinamsumbua asubuhi?

Jana, Siku ya Marehemu Wote, nilikwenda makaburini na mshumaa wangu kama watu wote. Nilibeba ufagio na ndoo, maana majani ya ule mti mkubwa huangukia kaburi la Radim kila mwaka. Nikakuta limefagiliwa. Jiwe limeoshwa, shada la matawi ya msonobari limewekwa, na mshumaa mwekundu umeshawaka hadi nusu. Pembeni mtu alikuwa amepanga mbegu za kahawia kwa umbo la moyo, moyo uliopinda upande mmoja. Nikajua Anežka alikuwa hapa. Nilisimama na ndoo yangu ya maji, sina pa kuyamwaga.

Mwanangu, sikuandikii kwa lawama. Toka makaburini hadi kwangu ni vituo viwili vya tramu. Nilikuwa nyumbani na supu ilikuwa jikoni. Mngepiga kengele tu. Krismasi iliyopita ulisema mtoto ana homa, Pasaka ukasema una zamu, na mimi niliamini. Sasa sijui niamini nini. Mtoto wangu wa pekee amelala pale, na waliobaki ni ninyi wawili. Kama kuna nililokosa, niambie nijirekebishe.

Haya siwezi kuyauliza kwenye simu, unajua mwenyewe. Sauti yangu hukatika, nawe hunyamaza, tunaishia kuzungumzia mvua.

Mama mkwe wako anayewapenda,
Ludmila


Ostrava, 19 Novemba 2017

Mama, shikamoo,

Sisi wazima. Kikohozi kimekwisha. Pole kwa goti, jipake ile dawa ya kijani niliyokuachia.

Ni kweli tulikuja. Nilinunua biskuti za kukuletea, na tukapanda tramu kuja kwako. Tulipofika kituo chako Anežka alishika kile chuma cha tramu kwa mikono yote miwili akakataa kushuka. Nikambembeleza, nikamkaripia. Watu wakatutazama. Mzee mmoja akaniambia, "Mama, mtoto ameshasema hataki." Tukapitiliza hadi kituo cha treni. Biskuti tulizila njiani na sikuona ladha yake.

Hujanikosea lolote, Mama. Sijui ana nini. Nikimuuliza anajifunika blanketi. Naomba usitungoje Krismasi hii. Siwezi kumvuta mtoto mikono usiku wa Krismasi.

Nisamehe.
Mkweo, Šárka


Olomouc, 6 Desemba 2017

Mpendwa Šárka,

Nakusalimu, na namsalimu mjukuu wangu mkaidi. Amefikiwa na Mtakatifu Nikolai jana? Hapa walipita vijana watatu ngazi nzima, wamejivika kuwa mtakatifu, malaika na shetani wa kutisha watoto. Shetani alikuwa na minyororo ya baiskeli na alinuka bia. Akaniuliza, "Bibi, una mtoto mtukutu humu?" Nikamwambia, "Nilikuwa naye, alijificha kabatini kila mwaka akasahau kuficha miguu." Nikampa tufaha.

Juzi, siku ya Mtakatifu Barbara, nilikata matawi ya mcheri nyuma ya nyumba nikayaweka kwenye maji. Nimekata moja la Anežka, na moja nimekukatia wewe. Unajua hukatiwa nani. Wewe una miaka thelathini na tano, mwanangu, na mjane naye ni mwanamke asiye na mume. Likichanua kabla ya Krismasi, utaolewa, na mimi sitanuna.

Ndiyo maana nakuuliza wazi: kuna mwanamume? Kama yupo na mnaogopa kuniambia, mlete. Mezani kwangu kuna sahani ya mgeni kila mwaka na haijapata mgeni tangu nianze kuiweka. Kama anapenda saladi ya viazi tutaelewana.

Lakini usiniachie meza ya mtu mmoja tena. Mwaka jana nilikaanga kipande kimoja cha samaki, na sufuria ilikuwa kubwa mno.

Mama yako, Ludmila


Ostrava, 14 Desemba 2017

Mama yangu,

Hakuna mwanamume. Kuna zamu za usiku na nguo za kupiga pasi. Lakini kwa tawi lile nililia, asante.

Sasa nimejua. Kaa kwanza, ndipo uendelee kusoma.

Shuleni waliambiwa wachore meza ya Krismasi ya nyumbani kwao. Wenzake walichora samaki na mti. Anežka alichora watu wanne wamekaa, na wa tano amesimama mlangoni na mkate mkononi. Mwalimu akamuuliza huyo ni nani. Akajibu, "Ni baba yangu. Mimi ndiye niliyemuua."

Unakumbuka Krismasi ile ya mwisho? Mwiba wa samaki ulimkwama Anežka kooni. Mkate ulikuwa jikoni. Radim akaruka kuufuata, Anežka akameza kipande kikavu, mwiba ukashuka, sote tukacheka. Radim akafa mwezi wa pili. Siku ya mazishi, pale hotelini tulipokula baada ya kaburi, mama mdogo Draha alimwambia mtu, "Aliinuka mezani Krismasi, nilimwona kwa macho yangu. Anayeinuka wa kwanza hamalizi mwaka." Anežka alikuwa ameketi nyuma ya makoti na kipande chake cha keki. Alikuwa na miaka sita, Mama. Amelibeba hilo mpaka leo.

Nikamwambia ni upuuzi, baba alikuwa na mshipa mbaya wa moyo tangu kuzaliwa, daktari alisema. Akaniangalia akauliza, "Kama ni upuuzi, mbona Bibi haruhusu mtu ainuke?"

Wewe una jibu?

Šárka wako


Olomouc, 17 Desemba 2017

Mwanangu Šárka,

Barua yako niliisoma nimesimama kwenye korido, koti mwilini, na nikakaa chini hapo hapo kwenye viatu.

Nilikwenda kwa Draha jioni ile ile. Nikamuuliza, "Ulisema nini siku ya mazishi ya Radim?"

"Nilisema mengi, nilikuwa nimekunywa."

"Ulisema aliinuka mezani."

"Kwani hakuinuka? Wewe hukumwona?"

"Mtoto alikuwa nyuma ya makoti, Draha."

Akaweka mkono mdomoni. "Yesu na Maria. Si nilikuwa nasema tu! Watu husema!"

"Basi mtoto alisikia."

Nilimwacha analia juu ya unga wa biskuti. Sikumbembeleza.

Unauliza kama nina jibu. Sitakudanganya, na mimi niliiamini ile sheria ya meza. Kwa mama yangu hivyo, kwa mama yake hivyo: bakuli zote mezani, mtu hainuki hadi wa mwisho aweke uma, tena tunainuka wote pamoja. Baba yake Radim aliifuata sheria hiyo maisha yake yote. Alikaa kama gunia la viazi, hata maji hakujichukulia, na nilimzika bado hajastaafu. Ajabu ni kwamba hilo sijawahi kulifikiria hadi usiku wa barua yako.

Njooni. Akikataa kushuka kwenye tramu, mwambie Bibi ana jambo la kumwonyesha yeye peke yake. Ukitaka umbebe, mbebe. Mengine niachie mimi.

Mama, Ludmila


Ostrava, 29 Desemba 2017

Mama mpendwa, shikamoo,

Tulifika salama. Treni ilijaa, tulikalia mizigo.

Nataka nikuandikie nilivyoona mimi, maana wewe muda mwingi ulikuwa umetupa mgongo. Nilipoingia nikaona meza tupu kiasi kile, hakuna chumvi, hakuna limau, hakuna mkate, nilidhani uzee umekuingia. Tukamaliza supu. Ukaleta samaki, ukaketi, ukaonja, ukasogeza kiti nyuma.

"Bibi, usiinuke!"

"Samaki hana chumvi. Nifanyeje?"

"Mimi sitaki chumvi!"

"Mimi naitaka."

Ukaenda. Anežka alishika ukingo wa meza mpaka vidole vikawa vyeupe. Ukarudi na chumvi, ukaketi, ukasema, "Lo, limau." Ukaenda tena. Kisha mkate. Kisha kijiko ambacho hatukukihitaji. Mwishowe hukuwa na cha kuleta, ukawa unazunguka meza tu na goti lako bovu.

"Bibi, unafanya nini?"

"Nashusha chakula."

Akacheka. Halafu akalia, kilio ambacho sijakisikia kwake hata siku ya mazishi. "Sasa utakufa!"

Nawe ukaketi, ukamwambia, "Nitafute Krismasi ijayo. Usiponikuta, Draha alisema kweli. Ukinikuta, basi ni uongo mtupu, na baba yako alikuletea mkate tu."

Nilikukanyaga mguu chini ya meza, Mama, lakini ulishasema.

Usiku ule alilala kitandani kwako, nawe unajua zaidi yangu mlichozungumza. Ila kwenye treni aliniuliza kama bibi wenye magoti mabovu huishi sana. Nikamwambia huishi sana. Sasa uishi, tafadhali. Vaa kofia. Usipande kiti kuosha madirisha.

Mkweo akupendaye,
Šárka


Olomouc, 12 Septemba 2018

Mwanangu Šárka,

Salamu nyingi. Barua hii ni yako peke yako, usimsomee Anežka, na ukishaisoma ichome.

Yale maumivu ya tumbo niliyosema ni ya kula plamu nyingi, si ya plamu. Wamenipiga picha. Ni saratani ya kongosho, na imeshasambaa. Daktari ni kijana mpole, ananiita mama. Alisema pengine nitaona majani yakianguka. Nikamuuliza, "Krismasi je?" Akatazama dirishani.

Siogopi kwa ajili yangu. Radim ananingoja, na pale kando ya kaburi lake niliacha nafasi. Ninachoogopa ni mdomo wangu. Nilimpa mtoto ahadi ambayo si yangu kuitoa. Nikienda kabla, atabeba wawili.

Jumapili akipiga simu huniuliza, "Bibi, upo?" Nami humjibu, "Nipo, ningekuwa wapi?" Wiki iliyopita nilijibu nimelala sakafuni bafuni. Hakujua.

Dawa zao nitazinywa zote, hata zile za kutapisha. Nilikuwa nimepanga kuzikataa.

Mama


Ostrava, 16 Septemba 2018

Mama yangu,

Nimeichoma. Nimelia kazini, nikamwambia msimamizi ni vitunguu, na sisi tunatengeneza vipuri vya magari.

Acha nimwambie Anežka ukweli: kwamba huu ni ugonjwa, huwapata watu wengi, hauhusiani na meza. Ana miaka minane, ataelewa. Na acha nije nikuuguze. Tutahamia kwako, shule zipo.

Jana aliuliza mbona sauti ya Bibi imekuwa ndogo. Nilisema mafua.

Mwanao, Šárka


Olomouc, 20 Septemba 2018

Šárka wangu,

Umeniita mama miaka yote, lakini leo ndiyo mara ya kwanza umejiandika mwanao. Nimeisoma mara nyingi.

Usihame. Akiniona kila siku ninavyokwisha, ataanza kuhesabu. Wala usimweleze bado. Ulimweleza mshipa wa moyo, ukamweleza daktari alivyosema, naye akasikia kauli ya Draha tu. Niache nifike Krismasi.

Draha ananipikia. Haongei, anakoroga tu. Nimeshamsamehe lakini sijamwambia, maana akijua atarudia kunipikia maharage.

Mama


Hospitali, Olomouc, 27 Desemba 2018

Anežka, mjukuu wangu mpenzi,

Hujambo? Mwandiko wangu ni mbaya, nisamehe, naandika nimelala. Mama akusaidie pale usipoweza kusoma.

Tangu mwondoke nimekuwa nikifurahi peke yangu. Manesi wanadhani ni dawa. Mmebeba samaki kwenye treni na saladi kwenye ndoo ya rangi! Mwenzangu wa kitanda cha pili anasema saladi yako ina matango mengi. Usimsikilize, yeye anatoka Prague.

Uliingia ukasimama mlangoni na kofia yako, ukasema, "Bibi, upo." Safari hii hukuuliza. Na Bibi Draha alipokuja na biskuti, ulimwambia mbele ya watu, "Wewe ni mwongo!" Naye akakujibu, "Ndiyo, mjukuu wangu, mwongo mkubwa kabisa." Usimwambie tena. Mara moja inatosha, na alilia huko koridoni hadi akapewa kiti.

Sasa nisikilize vizuri. Mimi ni mgonjwa sana, umeniona, wewe si mjinga. Mama yako atakueleza ugonjwa wenyewe, muulize chochote. Niliupata kama watu wanavyopata mafua, sikuupata kwa kuinuka kitini. Niliinuka mezani wazi wazi, tena mara nyingi kuliko mtu yeyote katika ukoo wetu, na Krismasi imenikuta hai, nikala samaki na wewe. Hilo hakuna wa kukunyang'anya.

Baba yako alikuwa mtoto wangu. Namjua tangu alipokuwa mwekundu na amekunja ngumi. Angeambiwa usiku ule, Radim, ukiinuka utakufa, angekuangalia unavyokohoa, naye angeinuka. Lakini hakuna aliyemwambia, kwa sababu haikuwa hivyo. Alileta mkate, ukapona, akacheka, akala vipande viwili zaidi vya samaki. Nilikuwepo, nilimwona.

Jumapili nipigie kama kawaida. Wakikuambia Bibi amelala, usinung'unike nao. Na ikitokea siku simu imelia kwenu, mama akaipokea akanyamaza, usikae chini kujiuliza ulifanya nini. Mwendee umshike mkono. Uniambie huko huko moyoni, "Bibi, uliumaliza mwaka." Maana niliumaliza, Anežka. Wote.

Bibi yako,
Ludmila