Usukani Uliorudishwa Mlimani

Vang, 4 Novemba

Kwa binti yangu mpendwa Ingunn,

Baada ya salamu, na kwa matumaini kwamba u mzima huko Bergen kama nilivyo mimi hapa, naomba kuwasilisha ombi. Muuza magari asema nikiongeza fedha, gari langu litawekewa programu ya kushika njia, kupunguza mwendo na kukata kona lenyewe. Mama yako yumo katika makao ya wazee ng'ambo ya mlima, na kila Jumatano hunisubiri dirishani. Kwa kuwa akiba ni yetu sote, naomba ridhaa yako.

Nabaki baba yako,
Torleiv

Bergen, 9 Novemba

Shikamoo Baba,

Sisi wazima. Daktari wa macho alisemaje? Umeiruka habari hiyo, na wewe si mtu wa kuruka habari. Programu humsaidia dereva anayeona, haimwazimi macho. Lakini nasikia wauzaji humruhusu mteja aijaribu mwezi mmoja kabla ya kuinunua. Ijaribu, ila jirani yetu Oddrun akae kando yako.

Mwanao,
Ingunn

Vang, 2 Desemba

Kwa binti yangu Ingunn,

Salamu nyingi zitangulie. Naleta taarifa ya jaribio.

Bondeni gari lilijiendesha kwa adabu kunishinda. Kila nilipogeuka kutazama kuni walizopanga majirani, lilinipigia kengele. Oddrun akasema, "Hata gari limekujua kwa umbea."

Mlimani theluji ilikuwa imefunika mistari ya barabara. Sisi wa huku hufuata vijiti virefu tunavyosimika kandokando kila vuli, lakini gari halikuvitambua. Likalia, likanirudishia usukani.

Nikauliza, "Oddrun, vijiti viko wapi?"

Akajibu, "Mbele yako, Torleiv. Pande zote mbili."

Macho yangu yamefifia, ndivyo alivyosema daktari pia. Kwa hiyo naliondoa ombi langu: kitu hicho chafaa kwa mwenye macho, nami chaniachia usukani pale hasa ninapokihitaji. Funguo nimemkabidhi Oddrun. Jumatano huendesha yeye, nami humtangazia kila kona kwa kumbukumbu, hata akaniambia kwamba angalau gari lilikuwa likinyamaza mara moja moja.

Mama yako aliuliza dirishani mbona nimeshukia mlango wa gari usio wangu. Nikamjibu kwamba hatimaye nimepata usaidizi wa dereva, nao wanywa kahawa nyeusi, vikombe viwili.

Baba yako,
Torleiv