Upepo Wenye Harufu ya Iliki

Makambako,
Julai 1994

Kwa dada yangu mpendwa Oktavia,

Kamwene, dada. Natumaini barua hii inakukuta mzima huko Lugarawa, na kwamba wagonjwa wako wanakuachia walau nafasi ya kunywa chai ikiwa ya moto. Sisi huku hatujambo. Baridi imetukalia shingoni na vumbi la barabara kuu halina likizo, ila mimi na Hamisa tunakula, tunafanya kazi, na tunagombana kwa kiasi. Gareji imejaa malori. Siku hizi kila mwenye duka anataka na lori lake.

Barua yako ya mwisho niliisoma nikaona haya. Ulisema nisingoje Baba azeeke zaidi ndipo nimpeleke mke wangu nyumbani Uwemba. Dada, si kwamba nilikaa tu. Unajua alivyosema tulipofunga ndoa bomani, kwamba hana ugomvi na Waislamu wala na watu wa Kondoa, ila ndoa isiyopita kwa padri yeye hawezi kuipikia ugali. Tangu hapo nimekuwa nikienda peke yangu, nakaa, naulizwa habari za magari, narudi. Jina la Hamisa halitajwi. Na tangu macho ya Baba yalipozimika kabisa ndiyo amezidi kuwa mkimya, anashinda barazani akigeuza shingo kila lori linapopanda mlima.

Sasa sikia. Mwezi wa tano nilikuwa mnadani, kwenye mitumba. Jamaa alifungua robota la nguo, humo ndani kukawa na boksi la vitofali vya plastiki vya kuchezea, vile vya Ulaya vinavyobanana. Hakujua avifanyie nini, akanipa kwa bei ya soksi. Nilipochambua nikakuta magurudumu, vimipira vyembamba vya kupitishia upepo, na visilinda vya upepo virefu kama kidole, pamoja na vipampu viwili vya kubonyeza kwa mkono. Moyo wangu ukaenda moja kwa moja kwa Baba. Nikasema nitamjengea tipa lake la misheni, lile alilobebea mawe ya kanisa enzi za udereva wake, bodi inyanyuke kwa upepo, alishike kwa mikono maana kwa macho haiwezekani tena.

Gari lilijengeka. Shida ikawa upepo. Kubonyeza pampu kwa kidole si udereva, nilitaka kompresa ya kweli, iungurume yenyewe kwa betri. Nikachukua mota ya waipa za lori. Dada, ungecheka. Kompresa yangu ilikuwa kubwa kuliko kabini, gari likaonekana limebeba mashine ya kusaga mahindi. Hamisa alinitazama akiwa kwenye cherehani yake, akauliza mawe ya kanisa yatakaa wapi. Nikanuna. Kesho yake nilipotoka gareji nikakuta amefungua redio yetu mbovu ya kaseti, ametoa mota yake, na ameiunganisha na kigurudumu chenye kijiti pembeni, si katikati, ili kikizunguka kisukume pampu na kuivuta, kama sindano ya cherehani inavyopanda na kushuka. Aliweka pampu mbili zikipokezana, moja ikivuta nyingine inasukuma. Ili upepo usirudi nyuma, alikata mpira wa valvu ya baiskeli. Viungo vyote alivifunga kwa uzi uliopakwa nta. Kitu kizima kiliingia chini ya kiti cha dereva.

Mchango wangu ulikuwa mmoja tu, kumwambia asiweke oili ya injini kwa sababu inakula mipira, basi akapaka mafuta ya kupikia kutoka kwenye karai lake la maandazi. Bodi ilipanda, ikashuka na ule mlio wa psss. Ndipo akaniomba nimpelekee Baba bila kutaja mtu. Alisema anataka mzee alipende gari kwanza, maana akilikataa kwa sababu yeye ndiye fundi wake, itamuuma kwa muda mrefu.

Nilifika Uwemba Jumamosi asubuhi, umande wa barafu bado uko kwenye majani. Shangazi Telesia, ambaye bado ndiye anayempikia Baba, alitutolea viti. Baba alilipapasa gari polepole, akataja kila kitu kwa jina lake, kioo, bampa, springi. Nikawasha. Mota ikalia mara moja, ikakwama. Nikawasha tena, kimya. Nilitamani ardhi inimeze.

Baba alipitisha kidole chini ya kiti, akakisugua, akakinusa. Akaniuliza ni fundi gani wa gareji anayepaka pampu mafuta ya maandazi. Nikaanza kubabaika. Akasema mafuta haya yameganda kwa baridi ya huku, Makambako karibu na jiko yasingeganda, na yana iliki, na katika nyumba hii hakuna aliyewahi kutia iliki kwenye kitu chochote. Kisha akashika zile nyuzi. Akasema mimi tangu utoto sijawahi kufunga fundo likakaa, hata kamba za viatu alinifungia yeye.

Dada, sikuweza kusema uongo. Nilimwambia ni Hamisa. Ndiyo mara ya kwanza nimelitamka jina hilo kwenye baraza ile.

Nikajiandaa kuondoka. Yeye akamwita Shangazi alete makaa. Akaliweka gari karibu na joto, si karibu sana, akasubiri kama alivyokuwa akisubiri upepo wa breki upande asubuhi kabla ya safari. Alipowasha mwenyewe, kompresa ikaunguruma, bodi ikapanda. Alirudia na kurudia. Machozi yalikuwa yanamtoka, wala hakuyafuta.

Wakati wa kuondoka alinipa chupa ya mafuta ya alizeti, ya alizeti yake mwenyewe, ameizungushia ile skafu yake ya udereva. Akasema nimpe fundi, kwa sababu alizeti haigandi. Halafu akaniita nikiwa nimeshafika njiani. Akasema alizeti ni ya pampu, iliki abaki nayo kwenye maandazi, na aje navyo vyote viwili Jumapili ya mwisho wa mwezi, kwani ameshamwambia Shangazi apike ugali wa watu wanne.

Kwa hiyo nakuandikia ili watu wanne wawe watano. Omba ruhusa, dada. Hamisa ameiweka chupa kabatini na anaifuta kila asubuhi, ameshashona gauni na kulifumua, na anakuuliza kama Baba anapenda maandazi yenye sukari nyingi au kidogo. Mimi sijui la kumjibu. Hatujawahi kumpikia.

Wasalimie masista na wauguzi wenzako. Shangazi anakusalimu, Hamisa anakukumbatia.

Ni mimi mdogo wako,
Tarsis