Maji Yasiyo na Dawa

Voi,
Jumapili, 18 Mei 2025

Kwa mjukuu wangu Shanice Nabwile,

Nakusalimu kutoka huku kwa joto mpaka huko juu Chawia kwa baridi. Kifua chako kinaendeleaje? Unavaa ile sweta ya marehemu bibi yako ama umeificha kwa sababu wenzako wanacheka? Mimi ni mzima, isipokuwa goti la kushoto ambalo lina maneno yake. Barua nampa Ndeti, mpishi wenu, akirudi shule, maana walimu wako wameamua simu ni dhambi.

Sasa nisikilize. Nimekasirika.

Umeniachia tangi la kioo juu ya meza. Mchanga wa mto umeuosha mara tisa, nilihesabu. Mashine inapuliza hewa kwenye sponji, taa inawaka, na ndani hakuna kitu. Maji tu! Ukaniambia nisitie samaki mpaka useme wewe. Wiki tatu naketi na maji yanayochemka bila moto. Jirani Kituku amekuja na kiti chake, akaangalia, akauliza, "Mzee Jeconia, hawa samaki ni wa kiroho?" Alicheka mpaka kofia ikaanguka.

Mimi! Mimi niliyesimamia matangi ya maji ya mji huu miaka thelathini! Wakubwa walikuwa wanakuja na suti, wanauliza, Wesonga yuko wapi, bila yeye hatufungui.

Basi jana nimemwaga hayo maji yako yaliyolala, nikatia mapya ya bomba, safi. Nikanunua samaki sita kwa Wendy, yule anayeleta vijisamaki vya mikia ya rangi kutoka Bomeni. Wanazunguka kama wako harusini. Kituku amesogeza kiti chake karibu.

Soma kwa bidii.

Babu yako,
Jeconia Wesonga


Chawia,
25 Mei 2025

Kwa Babu,

Shikamoo. Natumaini goti limetulia na unakula mboga, si chai na mkate kila jioni. Kifua changu ni sawa, na sweta ninavaa.

Babu, tafadhali, soma hii barua mara mbili. Yale maji hayakuwa yamelala bure. Kwenye sponji na mchanga kuna vijidudu vizuri ambavyo vinakula uchafu wa samaki, na vinachukua kama mwezi kuzaliana. Ndiyo maana nilisema usubiri, halafu tuanze na samaki wawili, si sita.

Kitu kikubwa zaidi ni dawa. Maji ya bomba yana ile dawa ya klorini. Kwetu ni nzuri, lakini samaki anapumua maji, kwa hivyo inamchoma na pia inaua vile vijidudu. Weka maji kwenye ndoo, uache wazi siku mbili, dawa itatoka yenyewe. Ndipo utie kwa tangi. Na usiongeze kitu kingine chochote.

Unajua nililipanga hili tangi tangu mwaka jana. Fundi Morris alinikatia kile kioo kwa sababu nilimfundisha binti yake hesabu likizo nzima. Tafadhali Babu.

Mjukuu wako,
Shanice


Voi,
1 Juni 2025

Shanice,

Salamu zako nimepata, goti pia limepata. Wewe u mzima? Mimi siko mzima, nina hasira mpaka kalamu imetoboa karatasi, na usifikirie ni uzee.

Ati vijidudu vizuri! Ndani ya nyumba yangu! Miaka thelathini nimeua vijidudu vya mji mzima, na hakuna hata kimoja kilichokuja kuniambia ni kizuri. Ati maji yakae mpaka dawa itoke! Mtoto, mimi ndiye niliyekuwa naitia hiyo dawa. Watu wa Voi wamekunywa mkono wangu, wamezaa, wamenenepa. Halafu wewe wa juzi unaniandikia kwamba maji yangu yanachoma.

Nikujulishe basi. Alhamisi samaki mmoja alilala ubavu. Sikungoja mtu. Nilichukua ile chupa ya dawa ya maji ya kunywa, nikampimia kifuniko kimoja. Ijumaa wakalala watatu. Nikaongeza kifuniko cha pili, kama tulivyokuwa tunafanya ugonjwa ukiingia mjini.

Jana asubuhi wote sita walikuwa juu ya maji.

Huyo Wendy aliniuzia wagonjwa! Nimekwenda sokoni nimemwambia mbele ya wateja wake, na nitampeleka kwa chifu. Mwizi mkubwa.

Babu yako


Chawia,
8 Juni 2025

Babu,

Shikamoo. Mimi ni mzima.

Wendy hakukuuzia wagonjwa. Uliwaua wewe. Nilikuandikia usiongeze kitu, ukaongeza mara mbili, halafu ukamtukana mama wa watu sokoni.

Huwa husikii mtu. Mama alisema nisikuachie, nikakutetea. Nilimwambia, Babu anajua maji.

Likizo ya Agosti siji Voi. Nitaenda kwa Mama, Bomeni. Hilo tangi mpe Kituku aweke nyanya.

Shanice


Voi,
13 Julai 2025

Kwa Shanice Nabwile, mwenye jina la mama yangu,

Hujambo? Najua hujambo, nimemuuliza Ndeti kila Jumapili. Anasema unakula vizuri na huulizi habari zangu. Barua mbili nimeandika nikachana. Hii sitachana, hata ikiwa mbaya.

Bado nimekasirika. Nataka ujue kwa nini, usidhani ni kiburi peke yake.

Mama yako hakuwa mtoto wangu wa kwanza. Wa kwanza alikuwa Lewis. Mwaka wa themanini na moja alikuwa na miaka minne, tunakaa nyumba za reli, bomba zimekauka wiki nzima. Wenzangu walikuwa wanalalamika. Mimi si mtu wa kulalamika. Nilikwenda mtoni na mtungi, nikachimba mchanga, nikangoja maji yatulie mpaka yakameta kama kioo. Nilirudi nayo kichwani nikijisifu njia nzima. Nikamwita Lewis awe wa kwanza kunywa, kwa kikombe changu mwenyewe.

Kipindupindu kilimchukua kwa siku moja na nusu.

Maji yalikuwa safi kwa macho, Shanice. Ila hayakuwa na dawa. Kazi ya matangi nilikwenda kuiomba mwenyewe, nikasimama mlangoni siku kumi na moja mpaka wakachoka na mimi. Tangu siku hiyo maji yasiyo na dawa hayajalala nyumbani kwangu hata usiku mmoja, isipokuwa yale yako niliyoyamwaga. Ukaniambia niache ndoo wazi siku mbili! Si ungeniambia nifuge nyoka.

Samaki niliwaua. Nimeandika. Usiniambie nirudie.

Babu yako,
Jeconia


Chawia,
20 Julai 2025

Kwa Babu yangu,

Shikamoo Babu. Goti? Unalala vizuri?

Sikujua. Mama hajawahi kutaja jina hilo. Nimelia darasani na nikasema ni kifua.

Babu, mtungi wa kunywa usiguse, uwe na dawa yake kama siku zote. Ya samaki iwe ndoo nyingine kabisa, yenye alama, mahali mtu hawezi kuchota. Nilikosea kukuandikia bila kutenga maji ya samaki na maji ya mtu.

Agosti nitaenda kwa Mama, nimeshamwahidi. Novemba nitaona.

Mjukuu wako,
Shanice


Voi,
14 Septemba 2025

Kwa mama yangu mdogo Shanice,

Pokea salamu nyingi, na mama yako pia nimemsalimu kwa simu, tukaongea mambo ya zamani mpaka salio likaisha. Goti limepona. Nadhani ni hasira iliyokuwa imekaa humo.

Wewe unasema maji yakae siku mbili. Nani alipima? Mimi nimepima! Bado ninacho kile kichupa cha kazini, unatia matone, dawa ikiwepo maji yanageuka manjano. Siku ya kwanza, manjano. Ya pili, manjano hafifu, ya uongo. Ya tatu, hakuna. Miaka thelathini rangi ikikosekana nilikuwa naitwa ofisini. Sasa imekosekana nimepiga makofi peke yangu. Kwa hivyo andika kwa daftari lako: siku tatu, si mbili. Hiyo ni elimu ya Wesonga.

Ndoo nimeipaka rangi nyekundu, ina kifuniko cha wavu, na iko chini ya kitanda changu. Atakayetaka kuinywa ataniruka mimi kwanza.

Tangi nililiacha na maji bila samaki mwezi mzima, mashine ikipuliza. Kituku alipokuja kucheka nilimfukuza na kiti chake. Kwa Wendy nimekwenda. Nilimwambia wale samaki walikufa kwa sababu za kitaalamu. Huyo mama akaniambia, "Mzee, omba msamaha uende na samaki." Nikaomba. Sijazoea, kwa hivyo nilikuwa natazama upande.

Nimetia wawili. Leo ni siku ya kumi na sita. Wananifuata kwenye kioo kama mimi ndiye mkaguzi.

Ndeti ameniambia umetoka kwa mama yako na majani ya maji, umeyaweka kwenye chupa dirishani mwa bweni. Wewe ni mtaalamu gani! Majani yatakaaje kwenye chupa? Yalete Novemba, tangi liko uchi.

Kiti chako kiko pale pale. Maji ya kunywa yako kwenye mtungi. Yana dawa, na hilo hatujadiliani.

Babu yako,
Jeconia Wesonga