Koti Lako Juu ya Mtungi

Baba,

Kaloleni imeingia ile baridi ya Julai uliyokuwa ukiitukana kila asubuhi ukitafuta soksi.

Jumamosi tunaenda Buruburu kumposea Kamau, mjukuu wako mwenye jina lako. Wazee wa huko wamesema hawaanzi maneno bila muratina, pombe ya asali ya kwetu. Sasa nani atatengeneza, na wewe hupo? Nikashika kazi hiyo ya wanaume mimi, mwanamke. Wacha waseme.

Nilichanganya maji na asali, nikatumbukiza yale matunda makavu ya mti wa muratina uliyoacha yakining'inia jikoni, hamira yako ya miaka yote. Nikaweka sikio kwa mtungi ulivyonifunza. Wapi! Kimya. Kesho yake, kimya.

Njeri, dada yangu, akaniletea hamira ya duka. "Hii haijali baridi," akasema. Ni kweli, ingechachuka haraka. Lakini nikakusikia kabisa: "Hiyo ni ya mandazi. Wazee wataonja mkate." Nikaiweka kabatini. Yako inataka joto tu.

Na dawa ya joto niliijua, nikijifanya sijui. Julai ulikuwa ukivisha mtungi koti lako la kazi ya reli, wewe ukibaki kutetemeka, na Mama akikucheka, "Mzee ameoa mtungi!"

Koti hilo nimelificha tangu tukuzike. Sijalifua. Liko kwa mfuko wa plastiki, nimefunga fundo. Nikizidiwa nafungua kidogo, nanusa, nafunga mbio usije ukaisha. Sasa nilivishe mtungi, lilowe, linuke pombe, halafu nibaki na nini? Nililia, Baba. Nililia pale jikoni kama mtoto.

Halafu nikalitoa. Kamau hawezi kwenda ukweni na pombe ya mandazi. Nikauvisha mtungi, nikafunga vifungo vyote mpaka shingoni.

Leo asubuhi nimeinama kusikiliza. Inaongea! Chwi, chwi, chwi. Povu limejaa. Nikanusa koti kwa woga.

Ni wewe. Lote ni wewe. Kumbe ile harufu niliyokuwa nikiifungia fundo ilikuwa muratina.

Kwaheri, mzee wangu. Jumamosi, kabla hatujatoka, nitakumwagia ya kwanza pale mlangoni. Matunda nitayakausha juani, nimpe Kamau nusu, nimfunze kusikiliza. Koti litakaa hapo juu ya mtungi.

Mfuko nimetupa.

Binti yako,
Nyambura