Fredy, Zima Mashine Kwanza

Ngokolo, Shinyanga
Jumatatu, asubuhi

Mwanangu Fredy,

Marahaba mwanangu, maana najua ukiishika barua hii utanisalimia hata kabla ya kuifungua. Hujambo? Kile kifua cha vumbi la mbao kimepona? Sisi hapa nyumbani tupo, Mungu anatushika. Baba yako hajambo isipokuwa magoti, akiamka anashika ukuta kwanza ndipo atembee, anakusalimu sana. Bibi yako bado yuko kitandani, anakunywa uji, na kila akisikia geti linalia anauliza kama ni wewe. Dada yako Sesilia alijifungua kwa kupasuliwa, leo wiki ya tatu, mtoto wa kike, tumemwita Ritha, amechukua masikio yako yale yaliyosimama. Sesilia anakusalimu na anasema mjomba asije mikono mitupu. Mama Raudha jirani yetu naye anakusalimu, na simu ninayokupigia ni yake, ya kwangu iliingia maji. Hata mbuzi wako mweusi ni mzima, amezaa mapacha.

Sasa mwanangu, kabla sijaenda mbali. Kama unaisoma barua hii ukiwa porini, kaa chini. Usiwashe hiyo chensoo, hiyo mashine yako ya kukatia miti. Ile suruali yako ya kazi, ile nene ya kijani, usishike mashine tena ukiwa umeivaa. Nimemwomba Davis, huyu dereva wa fuso anayepeleka mchele Buseresere, akufuate mpaka huko kambini, na kabla hajakupa barua akuambie kwa mdomo: Fredy, zima mashine kwanza. Sababu nakuja nayo. Usiikunje barua ukasema mama ameanza hofu zake. Isome yote.

Nimekupigia tangu Jumamosi jioni. Yule dada wa kwenye simu ananiambia hupatikani, nami namjibu kama mtu mzima aliyechanganyikiwa, mwambie ni mama yake. Mama Raudha akasema nikiendelea hivi yule dada atanizoea mpaka ataanza kuniuliza habari za nyumbani. Tulicheka, lakini mimi nikabonyeza namba yako tena. Ningekuja mwenyewe, ila Sesilia hajaweza kuinuka vizuri na bibi yako hageuki bila mtu, na huo msitu wenu siujui hata mlango wake.

Unajua mimi hiyo kazi nimeiogopa toka mwanzo. Uliposema hutaingia kwenye mashimo ya dhahabu kama wenzako, kwamba wewe utakata miti ya misindano tu, ile wanayoiita matimba, ya kushikilia mashimo yasibomoke, nilimshukuru Mungu. Nikawaambia wanawake wenzangu kanisani, Fredy wangu yuko juu ya ardhi, anaona jua. Halafu ukanionyesha kwenye simu unavyokata. Nikaona ule mnyororo wenye meno unavyokimbia karibu na paja lako, na wewe unatabasamu! Tangu siku hiyo nikisikia mtu anakata mti hapa mtaani, naacha ninachofanya mpaka mashine izimwe.

Ndiyo maana Pasaka ulipokuja na begi la vifaa vyako nilifurahi kuliko nguo ulizotuletea. Ulivitandaza vyote mkekani. Kofia ngumu ya njano yenye wavu wa kufunika uso, vile vya kuziba masikio, glavu, buti zenye chuma mbele, na hiyo suruali. Baba yako akavaa kofia, akashusha wavu, akauliza vita viko wapi. Ukatueleza kimoja kimoja. Ulipofika kwenye suruali ukasema inazuia mashine isikukate mguu, na hapo hapo bibi yako akakuita, ukaondoka. Hukurudi kumalizia. Jioni nikakusikia unamwambia Sesilia kwamba suruali inachoma, saa sita mchana ni kama umejifunga godoro, kwamba wenzako wanakuita Bwana Godoro, na siku nyingine unaitundika kwenye mti na kukata na jinzi yako. Nilikuja pale nikakusema mbele ya watu. Nikakutaka uniahidi kwamba hutawasha mashine bila kuivaa, hata siku moja. Ukaniahidi, na baba yako akashuhudia.

Sasa sikiliza la juzi. Donatus, mtoto wa Euphrasia wa nyumba ya kona, naye anakata miti upande wa Geita, kwa bosi mwingine. Jumamosi nikasikia amerudishwa nyumbani, mashine imempiga. Nikabeba ndizi zangu nikaenda kumpa pole, njia nzima najiandaa kumwona mtu hana mguu. Nikamkuta amekaa kwenye stuli anakula miwa! Pajani ana kidonda kidogo tu, kimeshonwa nyuzi nne. Mama yake ameianika suruali kwenye uzio kila mtu aione. Ni kama yako, rangi ile ile. Mbele ya paja imepasuka, na kwenye mpasuko yamening'inia manyuzi meupe marefu, kama matumbo ya kuku.

Nikamuuliza ilikuwaje. Akasema, mayu, yaani mama, ncha ya chensoo iligonga kisiki, ikaruka, ikamrudia yeye. Ilipogusa paja aliona mti umegeuka na mbingu imegeuka, halafu kimya, mashine imesimama. Mnyororo ulipochana kitambaa cha juu ulikutana na yale manyuzi ya ndani, ukayavuta, yakajisokota mpaka ndani ya mashine, ikakwama kabla hajapepesa jicho. Akasema kitambaa cha juu si kitu, hata kisu cha jikoni kinakipasua. Kazi yote ni ya manyuzi. Akacheka, akasema mashine ilikula pamba, ikashiba, ikaacha nyama.

Watu wote wakacheka. Mimi nilitafuta pa kukaa.

Euphrasia akasema hao wanaoidharau hiyo suruali waje waione. Donatus akaniuliza kama Fredy anavaa yake. Kabla sijafungua mdomo wengine wakajibu kwamba Fredy wa Paskalia lazima avae, mama yake alimwapisha. Wakanisifu, mwanangu. Mwanamke mmoja akasema laiti kina mama wote wangekuwa kama mimi. Nikaaga, nikasahau hata kikapu changu.

Fredy, hiyo suruali yako haina kitu ndani.

Nimeshindwa kuliandika hilo mara mbili, karatasi mbili nimezichana, sasa nimeliandika. Siku ile ya Jumatatu ya Pasaka, wewe na baba yako mlipokwenda kumsalimia baba mdogo wako, niliifua suruali. Ilikunywa maji ikawa nzito kama mtu. Nikawaza, mtoto wangu anabeba huu mzigo juani, ndiyo maana anautundika kwenye mti. Nikabonyeza, nikasikia pamba. Nikachukua wembe, nikafumua mshono wa ndani kidogo nione. Mimi nimekulia kwenye pamba, nimeichuma toka sijaota meno ya ukubwa, nimeshona magunia yake. Nilipoona kile cheupe sikujiuliza mara mbili. Nikasema kumbe hii nguo imeshonwa kwa ajili ya watu wa nchi za baridi, wametiliwa pamba wasigande, sasa huku kwetu jua hili ni la nini? Kinachozuia mashine nikadhani ni kile kitambaa kigumu cha nje. Nikavuta yote. Mguu wa kulia, mguu wa kushoto. Nilishangaa kidogo kwamba nyuzi zake ni ndefu na zinateleza, si kama pamba yetu, lakini nikasema labda ni ya kiwandani. Nikashona tena kwa mkono, taratibu, nikafuata matundu yale yale ya sindano, hata fundi asingejua. Yale manyuzi nikayatia kwenye foronya, nikamwekea Sesilia mto wa mtoto anayekuja.

Nilifikiri ikiwa nyepesi utaivaa siku zote. Ndicho nilichokuwa nataka, uivae siku zote.

Na kuna baya kuliko hilo. Ulinipigia wiki ile ya kwanza ukashukuru, ukasema mama suruali imekuwa nyepesi, umeifua na nini? Nikajibu ni sabuni ya mche, uchafu ulikuwa umejaa. Niliogopa utasema nimechezea mali ya bosi wako. Nilikudanganya, ukaniamini, na toka hapo unaivaa kila siku kwa sababu ulimwahidi mama yako. Ungebaki na jinzi yako ungejua huna kinga, ungekuwa mwangalifu. Sasa unasogeza mguu karibu ukijua umelindwa, na hujalindwa na chochote, ni mishono yangu tu.

Jana nilirudi kwa Donatus. Nikamuuliza kama naulizia ya mtu mwingine, manyuzi yakitoka yanaweza kurudishwa? Akasema hapana, yamepangwa tabaka kwa tabaka, ukishayachokonoa hiyo ni suruali ya kwendea sokoni. Kwa hiyo mto siutumi, usije ukajaribu kuyajaza mwenyewe. Ichome hiyo suruali. Usimpe mtu, usimwazime mwenzako hata kwa saa moja.

Nenda kwa bosi wako, mwambie ukweli, akupe nyingine nzima. Mpaka uipate, usikate mti hata mmoja. Kaa kambini, pika, panga magogo. Akiuliza nani kaharibu, taja jina langu. Mwambie ni mama yangu, alisoma mpaka darasa la nne, aliona pamba. Wenzako watakucheka, najua wale hawamwachi mtu, wataniimba mpaka Biharamulo. Waache wacheke, wewe ukiwa na miguu miwili ya kusimama ukiwasikiliza.

Baba yako nimemwambia leo alfajiri. Nilitegemea atanigombeza, na ningefurahi angenigombeza. Akasema tu, andika, Davis anaondoka saa mbili. Sasa amekaa nje na magoti yake anamzuia Davis asiondoke, anamsimulia habari zisizo na mwisho ili mimi nimalize. Davis anapiga honi. Nimemwambia kwamba suruali ni mbovu. Aliyeiharibu sikumwambia, hilo nimekuandikia wewe.

Nisamehe, ng'wanawane, mwanangu. Usinisamehe leo kama huwezi, hilo linaweza kungoja. Bibi yako, baba yako, Sesilia na Ritha wote wanakuaga, wanakutakia uzima.

Ukimaliza kusoma usiandike barua, barua itachelewa. Panda na Davis mpaka mahali simu inaposhika, piga namba ya Mama Raudha, simu yake ninayo mkononi, silali nayo mbali. Usiniulize hali, usinisalimie. Sema neno moja tu, nimeivua, halafu hata ukikata simu nitajua.

Ni mimi mama yako,
Paskalia