Ng'ombe wa Wajomba

Marahaba, mjukuu wangu Limi. Hapa Shinyanga tu wazima. Baba yako bado yuko machimboni Geita, na dhahabu, anavyosema, bado iko karibu.

Umeniuliza kama mgonjwa wa saratani ya titi aambiwe yote mnayoyaona kwenye damu yake huko maabara.

Miaka ya sabini mama yangu aliugua ugonjwa huo, ukasambaa. Daktari akapima damu, akatuita pembeni. Chembe nyeupe zinazopigana na maradhi zilikuwa zimepungua sana, na hakutegemea mama afike msimu wa pamba. Tukamficha mama habari hiyo. Wajomba zangu wakaja kutoka Kishapu na mtamba wa kuchinja msibani, wakamfunga nyuma ya nyumba.

Mama akamwona. "Huyu wa nini?"

Akampapasa yule mtamba tumbo taratibu.

"Ana mimba, msimchinje. Na kama daktari amesema neno, niambieni mimi mwenye damu."

Tukamwambia. Akarudi hospitali kwa miguu yake, akauliza maswali yake yote, akameza dawa bila kuruka hata siku moja. Msimu ulipofika alichuma pamba mwenyewe, huku akinywa maziwa ya ng'ombe wa msiba wake. Wajomba walipokuja kumsalimu aliwakaribisha kikombe kimoja kimoja. Hata baba yako, alipozaliwa baadaye, alibebwa mgongoni kwake.

Daktari hakukosea, alisoma damu ya siku ile. Mwambie mgonjwa wako, Limi, ila msimfungie ng'ombe mapema. Wewe mwenyewe umekuzwa na maziwa ya uzao wa yule mtamba.

Bibi yako, mama wa baba yako.