Ngome Nane na Kibao Kimoja

Kaka yangu mpendwa,

Shikamoo Kaka. Naomba barua hii ikukute mzima, na lile goti lako la kushoto liwe limetulia sasa baridi imepungua. Sisi huku wazima, nikimaanisha kwamba tunaamka na tunakwenda kazini. Shemeji yako anakusalimu sana. Anasema lile sweta alilokufumia limerudishwa tena, safari hii kwa sababu ya rangi, na kwamba atafuma jingine la rangi ya majivu tuone watasema nini. Na askari anayezifungua barua hizi kabla yako naye apokee salamu zangu, maana kwa miaka sita ya kutusoma amekuwa kama mtu wa nyumbani.

Barua yako ilifika Jumanne. Niliisoma nimesimama pale kwenye meza yangu ya ufundi, chuma cha kulehemu nyaya kwa risasi kikiwa bado cha moto mkononi, nikacheka peke yangu mpaka fundi saa wa jirani akachungulia kuuliza kuna nini. Yaani mwanaume mzima na ndevu zako umekaa selo unabishana na mwenzako kuhusu gemu yetu ya Ngome ya Upepo! Umeniambia kwamba huyo mnayemwita Mwalimu anashikilia kuwa sehemu ya tano ndiyo bora kuliko zote nane, kwamba mmenuniana siku mbili, na kwamba mmekubaliana mimi niwe mwamuzi. Umesema niziweke zote kwa mpangilio, ya mwisho mpaka ya kwanza, na nisipendelee mtu. Kuna na lile jambo la pili uliloniandikia chini kabisa. Hilo nitalifikia, Kaka. Niache kwanza nimalize hili jepesi.

Mkiani naweka ya nane. Hukubahatika kuiona, ilitoka ukiwa humo ndani, mimi niliicheza kwenye mashine ya mteja. Wamempa sauti Kofia, yule shujaa wetu tunayemwendesha. Anaongea, Kaka, hafungi mdomo! Akipanda ngazi anaongea, akichota maji anaongea. Unakumbuka Mama alivyokuwa akisema kwamba Kofia ndiye mwanaume pekee katika nyumba hii anayesikiliza bila kujibu? Basi naye kaharibika. Juu yake ya sita, ambayo yote inachezwa chini ya ardhi, na sijui upepo wa kwenye jina walitegemea uvume kutoka wapi.

Inayofuata ni ya pili, na najua hapo umeruka. Ruka tu. Wewe unaipenda kwa sababu wewe ndiye uliyekuwa Kofia. Mchezaji wa pili alikuwa nani? Alikuwa mbwa. Miaka miwili mizima nimekuwa mbwa wako, kazi yangu kunusa milango na kusubiri uifungue, na kila nikiomba pedi ya kwanza ya kuchezea unaniambia kwamba mbwa ndiye mwenye akili. Nilikuamini, mjinga mimi. Ya nne naiweka hapohapo jirani yake. Ina farasi, na zaidi ya farasi haina kitu.

Sasa mpe Mwalimu pole yangu. Ya tano ni nzuri, mawingu yake hakuna aliyeyaweza tena, lakini ni ndefu kama kikao cha wazazi shuleni, kila mtu lazima atoe hotuba kabla hujaruhusiwa kupita. Naipa nafasi ya nne. Ya saba naipa ya tatu. Ile hatujaimaliza. Tulikuwa kwenye daraja la kamba, zamu yako, walipokuja kukuchukua kwa ule ugomvi wa karakana, na uliweka pedi chini kwenye mkeka taratibu kabisa kama mtu anayekwenda kunywa maji. Sijalivuka lile daraja mpaka leo. Nikiiwasha naishia hapo.

Ya pili katika orodha yangu ni ile ya kwanza kabisa, ambayo haikuwa na namna ya kusevu, yaani kuhifadhi pale ulipofika. Tuliiacha mashine ikiwaka kutwa, tumeifunika kitambaa isiingie vumbi, halafu Mama anarudi, anachomoa waya achomeke pasi, na dunia nzima inazimika. Ulivyolia siku ile tumefika mnara wa mwisho! Una miaka kumi na mitatu na unalia hadharani. Mama alishona kipande cha kitambaa chekundu akakifunga kwenye ule waya kama alama, na tangu hapo hakuuchomoa tena, nguo za kazini akazivaa na mikunjo.

Ya kwanza ni ya tatu. Hilo ulilijua kabla hujauliza, na Mwalimu anaweza kununa mwaka mzima.

Mimi na wewe tuliimaliza kwa wiki moja, jitu likafa, Kofia akapewa bonde tupu ajenge atakacho, sisi tukaona ujinga tukaiacha. Mama akaiokota. Alikuwa anarudi kutoka kiwandani, alikokuwa akishona mifuko ya suruali tu, kutwa mifuko, suruali yenyewe haioni, na akasema angalau humu anamaliza kitu kizima. Alikuwa anaiweka pedi mapajani na kuibonyeza kwa vidole gumba viwili kana kwamba itamrukia. Kadi yetu ya kusevia ilikuwa na nafasi tatu: ya kwanza yangu, ya pili yako, ya tatu ya Mama. Pembeni ya nafasi mashine inaandika saa ulizocheza. Yake ilifika elfu moja mia moja na arobaini. Mimi alinijengea nyumba karibu na kisima, akisema ni kwa sababu ya uvivu wangu wa kuoga. Wewe alikujengea kilimani, dirisha linaangalia bonde zima.

Ulipohukumiwa miaka kumi na minne, alikuwekea kibao mlangoni. Mle unaweza kuandika herufi thelathini tu, unazichagua moja moja kwa pedi, na pale kwenye kochi ilimchukua mchana mzima. Hilo unalijua, alikusimulia mwenyewe mara ya mwisho alipokuja kukuona. Alikuambia kwamba kuna neno amekuandikia mlangoni kwako na kwamba utalisoma ukirudi nyumbani, na ulipomwomba akutajie akakataa, akacheka. Miezi minne baadaye tukamzika, wewe wakakukatalia kuja.

Ukaniandikia baada ya mazishi. Hukuuliza nani alikuwepo wala nani alilia. Uliniomba jambo moja, niwashe ile kadi, nipande kilimani, nikusomee kibao. Nami nikakujibu kwamba kimeandikwa: Mlango haujafungwa, mwanangu.

Ni miaka miwili sasa. Umeniambia maneno hayo umeyachora ukutani juu ya kitanda chako kwa mpini wa kijiko. Umeniambia ulipofungiwa peke yako siku kumi na nne uliyasema mpaka sauti ikakauka, na kwamba bila hayo usingetoka na akili zako. Kila barua yako unaimalizia nayo. Kila barua unaniuliza bonde likoje, na mimi nakujibu kwamba miti imechanua, kwamba kisima kimejaa, kwamba nimefagia mlango wako.

Na sasa hili jambo la pili. Umeniandikia kwamba afisa ustawi amekubali, siku ya familia, niilete mashine na kadi, watatoa televisheni kwenye chumba cha wageni, tutapewa saa nzima. Umesema tangu uingie humo hujamwomba mtu kitu ila hiki. Unataka upande kile kilima mwenyewe, usimame mlangoni, ulisome neno la Mama kwa macho yako.

Kaka, hakuna cha kuleta.

Nisikilize mpaka mwisho, nakuomba. Unaijua kanuni yangu ya kazi, maana Mama ndiye aliyenifunza: yeye hakurudisha nguo ya mtu kabla ya kuigeuza ndani nje, nami sirudishi mashine kabla ya kusevu gemu na kuifungua tena. Siku zote najaribia kadi yetu, kwa kuwa ni ya zamani na haijawahi kunigomea, na siku zote nasevu nafasi ya kwanza, iliyo yangu. Nabonyeza, nakubali, nakubali tena. Mara elfu nimefanya hivyo. Siku zile baada ya mazishi sikuweza kuiwasha nyumbani, nyumba ilikuwa inanishinda, ikabaki kwenye sanduku la vifaa. Wiki ya tatu akaja mtu na mashine ambayo pedi yake inateleza yenyewe kwenda chini. Ndiyo kasoro iliyomleta, Kaka, ndiyo aliyoniambia kwa mdomo wake! Nikaifungua, nikaisafisha, nikaamini imepona. Nikachomeka kadi. Nikawa naongea naye habari za mvua, wala siangalii, kidole kinajua njia. Nikabonyeza, nikakubali, nikakubali tena. Nilipoinua macho, nafasi ya kwanza ilikuwa palepale na saa zake. Ya pili palepale. Ya tatu, ya Mama, imeandikwa saa sifuri, dakika mbili: pedi iliteleza, nami nimesevu juu ya bonde lake.

Nilimpa yule mtu mashine yake. Nikamwambia karibu tena. Alipoondoka nikakaa chini ya meza, mtu mzima mimi.

Barua yako ya kuuliza kibao ilifika siku kumi na moja baadaye. Yale maneno niliyatunga mimi, palepale kazini, kwa muda ule ule ambao risasi inapoa. Sikuwaza yatafika ukutani. Niliwaza upate kitu cha kulalia usiku ule mmoja, halafu nitakueleza ukweli nikipata nguvu. Sikuzipata.

Utauliza kwa nini hata hivyo sikujua kilichoandikwa. Siku Mama alipokimaliza aliniita, nije nione alichomwambia kaka yangu. Nilikuwa nimeshika redio ya watu, nikamjibu nakuja. Akaita mara ya pili, nikajibu hivyohivyo. Hakuita ya tatu. Niliona kibao kipo tu, kitakwenda wapi, na baadaye nikasahau kama kuna kitu sijakisoma.

Barua yako ya Jumanne haikuwa ya kwanza kunitisha. Tangu uliponidokeza kwamba unamwomba afisa ruhusa, miezi mitatu hii, nimekuwa nikilijenga bonde upya kwenye nafasi ileile. Nimeweka kisima, nimeweka nyumba yangu, nimepanda miti kwa kukumbukakumbuka. Shemeji yako aliniuliza kwa nini nalia mbele ya gemu, nikamwambia macho yanawasha. Juzi nikafika kilimani, nikasimamisha nyumba yako, nikaweka kibao, nikaandika herufi moja moja yale maneno yangu. Yalitosha vizuri kabisa. Saa zilisoma sitini na moja, na hata uongo wa saa nilishauandaa, ningesema betri ya mashine imechoka. Ungesimama pale mlangoni, ungelia kwa furaha, na nisingeweza kukuangalia. Nikaizima.

Nimempelekea kadi fundi mkubwa kuliko mimi, mwenye vyombo ambavyo sina. Akanirudishia akisema kilichoandikiwa juu hakirudi, na akakataa kuijaribu mara ya pili.

Kwa hiyo hilo neno la ukutani kwako ni langu. La Mama silijui. Hakuna mtu anayelijua, na hakuna pa kuliuliza. Usiniombe nikisie alitaka kukuambia nini. Nimekisia mpaka nimechoka, na kila ninalokisia lina sauti yangu.

Siku ya familia nitakuja. Sitaleta mashine. Nitakaa kwenye chumba cha wageni ile saa nzima waliyokupa, na kama hutatoka nitajua sababu, nitarudi mwaka unaofuata nikae tena. Sitegemei unisamehe na siandiki kwa ajili hiyo. Nimeandika kwa sababu ulikuwa umeshaniomba nisipendelee mtu.

Msalimie Mwalimu, mwambie orodha haibadiliki. Msalimie na huyo askari, na kama amefika hapa kabla yako, namwomba asikupe barua hii asubuhi ukiwa na kazi za mikono. Akupe siku Mwalimu akiwa karibu nawe. Shemeji yako hajui niliyoandika, yeye anaendelea kufuma. Goti lako ulifunge vizuri.

Ni mimi mdogo wako, uliyeniita Vidole kwa sababu ya wepesi wangu wa kubonyeza.